Upe wasiwasi wako kazi

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na hapa soko la mahindi Kibaigwa hakuna asiyejua. Wapagazi walinibatiza Mama Je, maana kila neno langu lilianza na "je, ikinyesha?", "je, yakioza?" Usiku niliamka mara tatu kwenda kushika kufuli la stoo. Baba Neema alizoea hadi akawa ananisogezea tochi bila kufumbua macho.

Sikuuacha. Wanaokwambia "usiwaze" hawajui kuwaza ni nini. Niliutafutia kazi, na kama na wewe umeumbwa hivi, jaribu.

Chukua daftari, andika kila unachokiogopa kwa wiki moja, hata cha kijinga. Mimi nilijaza kurasa nne, kumbe ni mambo matatu yanajirudia: mahindi mabichi, takataka katikati ya gunia, na kufuli. Kisha kila hofu itafutie kipimo cha kufanya kwa mkono wako. La gunia lilikuwa jepesi: bambo, kile chuma chenye ncha cha kutobolea gunia na kutolea punje. Nachoma juu, katikati na chini, siyo pale dalali anaponionyesha.

Mahindi mabichi ndiyo yaliyonitesa, hasa baada ya 2016, watu walipokufa kwa sumukuvu huku kwetu Dodoma na Manyara. Kuvu inapenda unyevu. Wengi wanang'ata punje. Nami nang'ata, ila meno hayanitulizi. Chumvi inanituliza. Ianike kwenye sinia juani hadi ichuruzike kama mchanga. Tafuta chupa ya kioo, kavu kabisa, yenye kifuniko. Tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi, tikisa dakika nzima, iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita kama asilimia 15, na hayo yarudi kwenye turubai. Kioo kikibaki safi, yapokee. Lakini chupa haioni sumukuvu yenyewe: mahindi makavu leo yanaweza kuwa yaliota kuvu mwezi uliopita. Kwa hiyo punje zenye ukungu au rangi ya ajabu nazikataa hata chupa ikisema sawa.

Siku ya kwanza kuitoa sokoni, muuzaji alicheka sana. Robo saa baadaye kioo kilikuwa cheupe kama kimepakwa chokaa. Akaninyang'anya chupa, akaitazama kwenye mwanga, akauliza bila kicheko, "Hii chumvi ya dukani tu, mama?"

Kugumu ni kukoma. Pima mara moja, andika, funga daftari. Mzigo ule ule niliwahi kuupima mara tatu mbele ya mwenyewe, na mpaka leo hanisalimii, namwelewa. Kufuli nalo naliandikia: "Saa 1:10 jioni, nimevuta mara mbili." Ukiamka usiku, nenda kwenye daftari, siyo stoo. Wiki za mwanzo nilikwenda kote kuwili. Ilichukua msimu mzima wa mavuno tochi kubaki msumarini.

Kuna moja sijalipatia kipimo. Neema akichelewa kurudi na bodaboda kutoka Kongwa, daftari halisaidii. Hapo bado nasimama mlangoni, na Baba Neema, safari hii, yupo macho.