Kurudisha vumbi, tope na magamba tanuruni: anza na zinki

Kiwanda chochote cha chuma kina vilima vyake vya mabaki, na karibu vyote bado vina chuma ndani, vingine vina kaboni kabisa, sasa mtu akiona hivo anataka kumwaga kila kitu fasta kwenye tanuru refu la kuyeyusha mawe ya chuma. Ngoja kwanza. Peleka sampuli maabara uulize zinki, halafu alkali (sodiamu na potasiamu), fosforasi na salfa. Chuma uliza mwisho.

Zinki ndo mkorofi. Inachemka kwenye nyuzi 907 tu, na chini ya tanuru moto umepita hapo mbali sana, kwahiyo inageuka mvuke, inapanda na gesi, ikifika juu kwenye ubaridi inaganda kwenye mawe na ukutani, inashuka na mzigo (mawe na koki unavyolisha kutoka juu), inachemka tena, yani inazunguka humohumo huku mpya inaongezeka. Ukuta unaota gamba nene, mzigo haushuki sawasawa, na siku gamba likidondoka kwa mkupuo linapoza tanuru lote. Ndo maana viwanda vingi vinajiwekea kikomo cha gramu 100 mpaka 150 za zinki kwa tani ya chuma.

Yale magamba yanayobanduka chuma cha moto kikipita kwenye rola ndo mali safi, chuma karibu asilimia 70 na zinki kama hakuna. Ila yale laini yanakuja na mafuta ya mashine, yaoshe kabla hujayapeleka kwenye sinta (mtambo unaochoma unga wa mawe ya chuma ushikane kuwa vipande), mvuke wa mafuta unaziba vichujio na unaweza kuwaka humo ndani.

Vumbi kavu linalonaswa kwenye gesi ya tanuru halina maneno mengi, changanya kwenye sinta, kaboni yake inakupunguzia makaa ya koki.

Tope linalotoka gesi hiyo ikioshwa kwa maji je? Zinki imejificha kwenye chembe ndogo kabisa, kwahiyo lipitishe kwenye haidrosaikloni (chombo kinachozungusha tope kwa kasi kutenga chembe nzito na laini), chembe nzito za chini zirudi kazini, zile laini za juu zitenge, wapo wanaozitoa zinki.

Slagi ya konveta (takataka inayoelea juu chuma cha tanuru kikisafishwa kwa oksijeni) ina chokaa tamu lakini ina fosforasi, na tanuruni karibu yote inaingia kwenye chuma, konveta inaitoa tena kwenye slagi, we unairudisha tena... weka kidogo.

Kama huna sinta, piga briketi (vitofali vidogo vya kushindilia) na saruji, maana unga mtupu unaziba njia ya gesi. Usiwe na haraka, saruji inataka wiki kadhaa kukomaa. Dondosha briketi kutoka mita 2 juu ya bamba la chuma mara kadhaa, chekecha, pima unga uliotoka. Halafu ijaribu kwenye moto pia, saruji ikipata joto inalegea na hapo ndo nyingi zinafeli.

Ukianza kulisha anza na dozi ndogo, na kila wiki piga hesabu ya zinki iliyoingia dhidi ya iliyotoka na vumbi na tope. Iliyoingia ikizidi wiki baada ya wiki jua inabaki humo ndani, punguza tope kabla ya kitu kingine.