SOMO: Kukuza biashara ya mfumo kwa hela yako mwenyewe ukiwa huku kusini

Wakuu habari za saa hizi. Nimeulizwa hili jambo na vijana wengi, nimechoka kulirudia kwenye simu, naliandika mara moja hapa.

Mi nipo Mtwara mjini, pande za Chuno. Nauza mfumo wa kompyuta wa maduka ya pembejeo na hadiwea, yaani stoo, mauzo na madeni, hasa madeni. Nilianza 2019 na laptopu ya mtumba na duka moja la Masasi, sasa hivi nina maduka 41. Sijakopa benki, sina mwekezaji, sina ofisi ya vioo. Najua 41 ni kidogo na kuna mtu Dar atacheka, acheke tu, mi tangu 2021 mwenye nyumba hajawahi kunigongea mlango na hiyo kwangu ndo biashara.

HATUA YA 1: Kakae dukani kwanza
Hapa ndo wengi wanaruka. Mtu anajifungia ndani miezi sita anaandika mfumo, anatoka nao mzuri una rangi rangi, afu hakuna anayeutaka.

Mi nilikaa wiki mbili kwa mzee mmoja wa Masasi, nimegeuza ndoo ya rangi ndo kiti changu. Madeni yake yote yalikua kwenye kauntabuku moja nene, jalada limechanika, limefungwa na kipande cha mpira wa baiskeli. Nikaangalia, nikajiona nimeelewa, nikaenda nikatengeneza. Kwenye fomu ya deni nikaweka jina, kijiji, mali, kiasi na tarehe ya kulipa, na hiyo tarehe nikailazimisha, usipojaza hauendi mbele. Nilijiona fundi kweli.

Siku ya kwanza akaja mkulima kachukua mifuko sita ya salfa, ile dawa ya mikorosho. Mzee anajaza taratibu kwa kidole kimoja, akafika kwenye tarehe akasimama. Akamuuliza yule bwana, unalipa lini? Akajibiwa "mnada wa pili". Mzee akaandika mnada wa pili, mfumo ukakataa, akaandika tena, ukakataa. Akavua miwani akaniangalia, akasema mwanangu, huyu tarehe ataitoa wapi?

Na kweli ataitoa wapi. Kwa asiyejua, huku korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, mkulima anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unaenda ghala kuu, unapigwa mnada, hela inakuja baadae. Mkulima anajua mnada, hajui tarehe. Nikarudi kwenye ile kauntabuku nikakuta safu ya mwisho mzee ameandika miaka yote "mnada 1", "mnada 3", "Amkosi wakilipa", mi nilikua naziona kama maandishi ya hovyo hovyo tu.

Nikatoa tarehe, nikaweka mnada wa ngapi na jina la AMCOS. Sasa ikisikika AMCOS fulani imelipwa, mzee anabonyeza jina lake na wadaiwa wake wote wanatokea na namba za simu, kijana anaanza kupiga. Kitu hicho kimoja ndo kimeniuzia mfumo mpaka leo. Hayo mengine kila mfumo unayo.

HATUA YA 2: Chukua hela wakati hela ipo
Mwaka wa kwanza nilikua natoza elfu 20 kwa mwezi kama nilivyoona wenzangu wanafanya. Oktoba mpaka Januari wanalipa vizuri, wanakununulia na soda. Ikifika Machi simu hazipokelewi. Sio watu wabaya, duka lenyewe halina kitu, mvua inanyesha, mteja wake yupo shamba anakula akiba na yeye anasubiri kama wewe.

Nikabadilisha ikawa laki mbili na arobaini kwa mwaka, inalipwa kati ya Novemba na Januari. Hakuna aliyelalamika, mmoja akaniambia hiyo afadhali maana ile ya kila mwezi ilikua inamuudhi kama mchango wa harusi.

Ila hapo kuna mtego. Maduka 41 mara 240,000 ni 9,840,000, na sehemu kubwa inaingia ndani ya wiki chache. Desemba unajiona tajiri, unaanza kuangalia pikipiki. Gawa kwa 12 hapo hapo kabla hujala hata chipsi: ni 820,000 kwa mwezi. Toa seva, bando, meseji na nauli za kuzunguka kwa wateja, kwangu inafika kama 190,000. Inabaki 630,000, huo ndo mshahara wako, hiyo milioni tisa isahau. Mi nina laini mbili, ya biashara ndo yenye lipa namba, ya kula naitumia hela tarehe 1 kila mwezi kama mwajiriwa, na laini ya biashara haikai kwenye simu ninayotembea nayo.

HATUA YA 3: Usiache kazi za pembeni mapema
Nilikua natengeneza printa, nafunga intaneti kwenye nyumba za wageni, natengeneza kadi za mialiko, na msimu wa jando na unyago mpaka matisheti nimebuni. Sioni aibu. Hata Mailchimp ya Marekani, iliyoanza 2001, ilizaliwa kwenye kampuni ya kutengeneza tovuti za watu, ikaenda miaka mingi bila kuchukua hela ya mwekezaji wa nje mpaka ilipouzwa kwa Intuit 2021 kwa kama dola bilioni 12. Sisemi utafika huko, nasema kadi za mialiko hazikuzuii kitu. Kanuni yangu ilikua naacha kazi za pembeni mfumo ukishanilisha masika mbili mfululizo. Ilitimia 2023.

HATUA YA 4: Usisimame kwenye zao moja
Mnakumbuka msimu wa korosho wa 2018, wanunuzi walivyokataa bei, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa 3,300 kilo na malipo yakachelewa kwenye uhakiki. Mi bado sijaanza biashara lakini niliona maduka hapa mjini yalivyokaa kimya, muuza bati amekaa, mama lishe amekaa, bodaboda amelala juu ya pikipiki. Mji mzima unakula kwenye sahani moja.

Kwahiyo nilivyofika maduka 15 hivi nikaacha kutafuta wengine Newala na Tandahimba, japo ndo palikua rahisi, nikapanda basi kwenda Nachingwea, Ruangwa na Kilwa. Huko Lindi kuna ufuta na minada yake inakuja katikati ya mwaka, wakati huku kwetu mifuko imetoboka. Sasa hivi maduka 13 kati ya yale 41 ni ya ufuta, wanalipa Juni na Julai. Ilinichukua miaka miwili na nauli imenitoa jasho, ila ningekua naanza upya leo hiki ningekifanya mapema zaidi.

HATUA YA 5: Ufanye kazi bila mtandao
Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika maeneo ya Somanga, na wiki iliyofuata nyaya za intaneti za baharini zikapata hitilafu nchi nzima tukarudi enzi za meseji. Mfumo wangu unahifadhi kila kitu kwenye kompyuta ya duka kwanza, mtandao ukirudi ndo unapeleka nakala kwenye seva. Wateja waliendelea kuuza kama kawaida. Wiki ile sikufanya tangazo lolote, nilipigiwa na maduka manne yanautaka mfumo.

HATUA YA 6: Makaratasi
Jina la biashara BRELA (wasajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, leseni halmashauri, usizungushe. La kuangalia zaidi, kama mfumo wako una majina na simu za watu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023 na ina Tume yake ya kujisajili. Orodha ya wadaiwa wa mtu sio kitu cha kuacha wazi.

HATUA YA 7: Jifunze kukataa
2022 ilikuja kampuni, jina silitaji, ikataka niwatengenezee mfumo wao peke yao. Hela waliyotaja ilikua kubwa kuliko mapato yangu ya mwaka mzima. Nikalipwa nusu, nikazama miezi mitatu, simu za maduka nikawa sipokei, nasema kesho, kesho. Nusu ya pili sijaiona mpaka leo, na maduka matatu yakarudi kwenye kauntabuku. Mmoja wao, mama wa hadiwea hapa hapa mjini, nilimfata kumuomba msamaha akanikaribisha chai vizuri kabisa, akaniambia "baba, daftari langu nikilifungua linafunguka". Nilikunywa ile chai kwa tabu.

MASWALI

Mdau wa Newala: Mkuu shukrani kwa somo. Mtaji wa kuanzia ulikua shilingi ngapi? Maana mi nina laki tatu tu.

Jibu: Laptopu ya mtumba laki nne na nusu, bando, na nauli za Masasi. Kama laptopu unayo basi laki tatu inatosha kabisa, usinunue kiti cha ofisi.

Dada wa Nachingwea: Kaka mteja asipolipa unamfungia mfumo? Mi nina wateja sita wa mfumo wa duka la dawa, wawili wananizungusha tangu mwezi wa tatu.

Jibu: Dada yangu sifungi data, kamwe. Mtu ukimfungia madeni yake atakusema mpaka msikitini na mji wenyewe ndo huu. Nazuia kuongeza deni jipya, ya zamani anayaona na anaweza kuyachapisha. Wengi wanalipa ndani ya wiki maana wanataka kuandika. Ila kwako angalia kwanza hicho kitu, duka la dawa halifati msimu sana kama pembejeo, watu wanaumwa mwaka mzima, kwahiyo hao wawili inawezekana hela ipo, kaa nao uso kwa uso.

Mdau: Sasa kwanini usiuze kwa AMCOS zenyewe? Huko ndo kuna hela.

Jibu: Nimeulizwa sana hili. AMCOS ina bodi, ina mkutano mkuu, uamuzi unapita mikono mingi na viongozi wanabadilika. Mwenye duka anaamua palepale kaunta. Mwenye mtaji wa kusubiri mwaka mzima aende, mi sikua nao.

Mdau wa Dar: Kaka nina mtu anataka kukuwekea hela, mfike maduka 500 kwa mwaka. Mbona unajibana?

Jibu: Ahsante ndugu yangu. Maduka 500 nani atayatembelea? Mi kila duka nafika mara mbili kwa mwaka, nakaa kaunta nusu siku naangalia wanakwama wapi. Nikiwa na kijana mmoja wa kunisaidia naona tutaweza 70 hivi. Huyo kijana nimeshampata, anamaliza chuo mwaka huu, ataanza baada ya minada ya kwanza hela ikishaingia, na wiki mbili za mwanzo nampeleka kwa mzee Masasi. Ile ndoo ya rangi bado ipo.

Mdau wa Newala: Mkuu swali la mwisho, hiyo laini ya biashara kama haikai kwenye simu yako inakaa wapi?

Jibu: Kwa mama. Na PIN nimemwambia asinipe kabla ya tarehe 1 hata nikilia.