Somo: Namna Roketi Inavyofikisha Chombo Anga za Juu

Somo hili limekusudiwa wazazi na walimu wanaoulizwa na watoto jinsi roketi inavyopaa. Watoto wengi huamini kwamba roketi hupanda wima moja kwa moja hadi ikafika, na picha za moto na moshi huwazidishia dhana hiyo. Kwa kweli kupanda ndiyo sehemu nyepesi ya safari. Kazi kubwa ni kupata mbio za kwenda upande, na mtoto asipoelezwa hilo hataelewa kamwe kwa nini setilaiti haianguki.

Hatua ya 1: Waonyeshe msukumo

Pitisha uzi ndani ya mrija wa kunywea soda, kisha uufunge uzi huo kutoka kitasa cha mlango hadi nondo ya dirisha, ukaze vizuri. Lijaze puto hewa bila kulifunga, libane mdomo kwa vidole, libandike kwenye mrija kwa selotepu, halafu liachie. Hewa itatoka nyuma na puto litakimbia mbele. Mara ya pili, mtoto aweke kiganja nyuma ya mdomo wa puto ili ausikie upepo ukimpiga, kwani hapo ndipo anaposhika kwamba kinachosukumwa nyuma na kinachokwenda mbele havitengani.

Hatua ya 2: Eleza mafuta na oksijeni

Injini ya gari huvuta hewa ya nje ili ichome petroli, lakini huko juu hewa hakuna, kwa hiyo roketi hubeba oksijeni yake yenyewe, mara nyingi ikiwa imepozwa hadi ikawa kimiminika chenye baridi ya nyuzi 183 chini ya sifuri. Saturn V, iliyowapeleka wanaanga mwezini mwaka 1969, ilikuwa na urefu wa mita 110 hivi na uzito wa karibu tani 2,900, na sehemu kubwa mno ya uzito huo ilikuwa mafuta na oksijeni tu.

Hatua ya 3: Kutupa kisichohitajika

Tangi lililokwisha mafuta ni mzigo wa bure. Ndiyo maana roketi huundwa kwa vipande vilivyopandana, kila kimoja na injini yake, na cha chini hudondoshwa kinapomaliza kazi.

Hatua ya 4: Kuinama

Hapa usiharakishe. Nenda na watoto Mama Ngina, bustani iliyo kando ya bahari hapa Mombasa, uhakikishe chini hakuna wavuvi wala waogeleaji, kisha mmoja arushe kijiwe kuelekea baharini. Kitapinda na kutumbukia. Akirusha kwa nguvu zaidi kitaanguka mbali zaidi. Sasa waulize ingekuwaje kama kijiwe kingerushwa juu kabisa, pasipo hewa ya kukizuia, kwa kasi ambayo kila kinapopinda kuanguka, uso wa dunia, kwa kuwa ni mviringo, nao unapinda kwa kiasi kile kile. Kingeendelea kuanguka bila kufika chini, na huko ndiko kuwa katika obiti. Kasi inayotakiwa ni kama kilomita 28,000 kwa saa, yaani Mombasa hadi Nairobi kwa dakika moja hivi. Kwa hiyo roketi huanza wima ili itoke upesi kwenye hewa nzito, kisha hulala kidogo kidogo hadi iwe inakwenda sambamba na ardhi.

Hatua ya 5: Kuachia chombo

Kasi ikishatimia injini huzimwa na chombo huachiliwa. Kutoka ardhini hadi hapo huchukua kama dakika 10 tu.

Maswali ya wazazi na walimu

Mzazi, Kisauni: Mwalimu, mwanangu asema kama juu hakuna hewa, roketi itasukuma nini?

Jibu: Swali zuri sana. Haisukumi hewa ya nje, bali husukuma gesi yake yenyewe. Pasipo hewa hufanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu hakuna cha kuizuia.

Mwalimu wa chekechea, Likoni: Je, ni kweli kwamba pwani yetu iliwahi kurusha roketi?

Jibu: Naam. Waitalia walikuwa na jukwaa la San Marco baharini, karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka hapo ikapewa jina Uhuru. Mahali hapo palifaa kwa sababu kwenye ikweta dunia huzunguka kuelekea mashariki kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi hupata kasi hiyo bila gharama. Tena mashariki yetu ni bahari, kwa hiyo vipande havidondokei majumba ya watu.

Mzazi, Changamwe: Basi mbona Taifa-1, setilaiti yetu ya Kenya, ilirushiwa Marekani?

Jibu: Ilipanda roketi ya Falcon 9 pamoja na setilaiti za wengine, tarehe 15 Aprili 2023, kutoka Vandenberg, California. Setilaiti ya kupiga picha za ardhi kama hiyo hupita karibu na ncha za dunia, kaskazini hadi kusini, na kwa njia hiyo mzunguko wa dunia hausaidii kitu. Vandenberg ina bahari upande wa kusini, kwa hiyo roketi hupita juu ya maji tangu mwanzo.