Kompyuta ina kadi mbili za mtandao na mafaili hayasawaziki: pa kuanzia

Kompyuta mbili ziko chumba kimoja, hatua tatu kati yao, waya umechomekwa na swichi inawaka taa. Picha za pasipoti zinahifadhiwa kwenye kompyuta ya kaunta, lakini ile ya ndani yenye printa inakaa dakika kumi haijaziona. Ikifika jioni, bando la modemu limekwisha na hakuna aliyefungua hata video moja. Steshenari ya karibu na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) au ofisi ndogo ya Makole, Dodoma, ambako intaneti inaingia kwa modemu ya USB na mafaili yanatakiwa kupita kwenye waya, ndiyo mahali pake hasa pa tatizo hili.

Usikimbilie kuondoa programu ya kusawazisha mafaili na kuisimika upya. Mara nyingi programu haina kosa; kompyuta ndiyo imechagua njia isiyofaa. Hapa tunatumia Syncthing, programu inayoweka mafaili yaleyale kwenye kompyuta zaidi ya moja, kwenye Windows kama mfano. Kwa programu nyingine hatua ni zilezile, namba ya porti (mlango wa programu kwenye mtandao) tu ndiyo inabadilika.

Kwanza fungua ukurasa wa Syncthing kwenye kivinjari (127.0.0.1:8384), bofya jina la kompyuta ya pili na usome aina ya muunganisho. Ukikuta "TCP LAN" au "QUIC LAN", mafaili yanapita humohumo ndani na tatizo lako liko kwingine. Ukikuta "Relay WAN", yaani kupitia seva ya kati ya intaneti (relay), umeshamkamata mwizi wa bando: faili linatoka kwa modemu, linakwenda hadi seva ya watu huko mbali, kisha linarudi kwenye meza ya pili.

Sasa hesabu kadi. Fungua PowerShell kama msimamizi, uandike:

Get-NetAdapter
ipconfig /all

Utashangaa idadi. Mbali na kadi ya waya na ya Wi-Fi, modemu nyingi za USB siku hizi hujitambulisha kama kadi ya mtandao. VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ya kufikirika ndani ya yako, nayo huongeza yake, kwa kawaida yenye 192.168.56.1, na VPN huongeza nyingine. Usiyoitumia izime kupitia ncpa.cpl (dirisha la kadi za mtandao). Anwani inayoanza na 169.254 maana yake kadi iliomba anwani na hakuna aliyeijibu: ama waya umelegea, ama swichi haina ruta nyuma yake ya kugawa anwani.

Ukiwa hapohapo, angalia safu ya LinkSpeed. Vifaa vyote ni vya gigabiti lakini inasomeka 100 Mbps? Kagua kebo. Gigabiti inahitaji nyaya zote nane. 100 Mbps inatosheka na nne, za pini 1, 2, 3 na 6. Waya mmoja kati ya ile minne mingine ukikatika kichwani, au vumbi la kiangazi cha Dodoma likijaa kwenye tundu, taa itaendelea kuwaka kama kawaida huku kasi imeshuka mara kumi. Kwa mwendo huo GB 10 za video zinachukua kama dakika 14 hata mambo mengine yote yakienda sawa. Kata kichwa, bana kipya.

Kipimo kinachosema mengi kuliko vyote ni hiki. Kama kompyuta ya pili ni 192.168.50.11, andika kwenye ile ya kwanza:

Test-NetConnection 192.168.50.11 -Port 22000

Soma mistari mitatu. InterfaceAlias inataja kadi iliyotumika, SourceAddress inataja anwani iliyotokea, na TcpTestSucceeded inasema kama mlango umefunguka. Kadi ikiwa ya modemu, tatizo ni njia. Kadi ikiwa sahihi na jibu ni False, hakikisha kwanza kwamba Syncthing inafanya kazi upande wa pili. Kama inafanya, tatizo ni fayawoli (ulinzi wa Windows unaozuia miunganisho). Ping (amri ya kuuliza kama kompyuta nyingine inajibu) peke yake isikudanganye, kwa sababu Windows inaweza kuizuia hata pale porti iko wazi.

Tatizo la njia huwa na sura mbili. Ya kwanza ni anwani kugongana. Ruta nyingi hutoka kiwandani na 192.168.1.x au 192.168.0.x, na modemu nyingi za Huawei hutumia 192.168.8.x. Ukiupa mtandao wa waya namba zilezile za modemu, kompyuta inaona anwani moja iko upande wa kadi zote mbili, na inachagua moja tu. Kwa hiyo upe waya namba zake za kudumu: 192.168.50.10 kwa kaunta, 192.168.50.11 kwa ya ndani, subnet 255.255.255.0.

Sura ya pili ni geti mbili, yaani anwani mbili za kutokea nje kwenda intaneti. Kadi ya waya isiyoleta intaneti haistahili kuwa na geti, basi acha kisanduku cha "Default gateway" kitupu. Geti ibaki kwenye modemu pekee. Kama kadi zote mbili zinaleta intaneti kweli, panga kipaumbele. Namba ndogo ndiyo inayotangulia:

Set-NetIPInterface -InterfaceAlias "Ethernet" -InterfaceMetric 10

Wengi hukwama baada ya hapo. Ukishaondoa geti, Windows huuita ule mtandao wa waya "Unidentified network" na kuuweka kwenye kundi la Public, ambako fayawoli ni kali. Yaani dawa ya tatizo la kwanza imezaa la pili, na mtu anarudisha geti akidhani alikosea. Usirudishe. Fungua porti kwa mtandao huo peke yake, kwenye kompyuta zote mbili:

New-NetFirewallRule -DisplayName "Mafaili ya ofisi" -Direction Inbound -Protocol TCP -LocalPort 22000 -RemoteAddress 192.168.50.0/24 -Action Allow

Kuzima fayawoli yote "kwa majaribio" ni tabia mbaya, maana majaribio hayo husahaulika hadi mwaka unakwisha. Kama bado jibu ni False, tafuta sheria ya kuzuia iliyoundwa siku ile mtu alipobofya "Cancel" kwenye dirisha la onyo. Sheria ya kuzuia huishinda ya kuruhusu, kwa hiyo ifute.

Kisha iambie Syncthing iende wapi. Kwenye mipangilio ya kompyuta ya pili, sehemu ya anwani, futa neno dynamic (linaloiambia Syncthing itafute njia yenyewe) na uandike:

tcp://192.168.50.11:22000

Upande wa pili andika anwani ya .10. Laptopu inayosafiri kwenda Kibaigwa au Singida iachie zote mbili, anwani ikifuatiwa na koma na dynamic, ili ikiwa nje iweze kutafuta njia nyingine. Kompyuta zisizotoka ofisini zizimie relay kabisa. Heri kusawazisha kusimame uone, kuliko bando kuliwa kimyakimya.

Jaribu kwa kuchomoa modemu na kuweka faili la MB 500. Likipita, umemaliza upande wa mtandao.

Jambo moja hufanana na hili lakini silo. Umeme ukikatika na betri ndogo ya CR2032 imekufa, saa ya kompyuta hurudi nyuma. Faili likihaririwa pande mbili kwa wakati mmoja, Syncthing hulipa jina lenye sync-conflict lile lenye tarehe ya zamani zaidi, kwa hiyo saa mbovu inaweza kulipindua jina la kazi ya leo na kuacha ya juzi. Fungua mafaili hayo yote mawili na uyasome kabla ya kufuta lolote, kisha badilisha betri.