Kumjibu Anayesema "Zimwi Likujualo": Namna ya Kujenga Hoja ya Kubadilisha Chama Tawala

Anayetaka kuandika makala, kuhutubia mkutano au kuzungumza na jirani ili amshawishi akipigie kura chama kingine badala ya kile kinachotawala, kwa kawaida huanza na orodha ya maovu ya serikali, na hapo ndipo hoja yake inapoanza kufa. Orodha hiyo huwafurahisha wale waliokwisha kuamua zamani. Mtu unayemhitaji ni yule aliyekipigia chama tawala kura katika uchaguzi uliopita, ambaye anaona bei zikipanda na barabara zikibomoka sawasawa na unavyoona wewe, lakini akishapewa karatasi ya kura mkono wake unarudi palepale ulipozoea. Huyo hakukosa habari. Ana hofu, na hofu yake ina methali yake: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mwongozo huu unahusu namna ya kumjibu mtu huyo, na mfano nitakaoutegemea zaidi ni uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2002, uliokiondoa chama cha KANU madarakani baada ya miaka 39. Wapinzani wa Kenya walikuwa wamejaribu mara mbili kabla ya hapo wakashindwa, kwa hiyo tunaweza kulinganisha.

Itaje hofu kabla ya kulitaja kosa

Mapema kabisa katika hoja yako, sema waziwazi kile ambacho msomaji anakiogopa, tena kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angeyatumia: kwamba wapinzani hawajawahi kutawala, kwamba nchi ina amani na haifai kuichezea, kwamba anayeingia ana njaa kuliko anayetoka kwa kuwa anayetoka ameshashiba. Usiyafanyie mzaha maneno haya. Msomaji akiona umeyaeleza vizuri kuliko anavyoyaeleza mbunge wake, atakupa nafasi ya kuyajibu.

Kuhusu amani, jibu kwa mambo yaliyotokea. Tarehe 30 Desemba 2002, katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, Daniel arap Moi aliyetawala tangu mwaka 1978 alimkabidhi madaraka Mwai Kibaki, mgombea wa upinzani aliyeshinda, ambaye alikuwa kwenye kiti cha magurudumu kutokana na ajali ya gari aliyoipata wakati wa kampeni. Mgombea wa KANU, Uhuru Kenyatta, alikuwa amekwisha kukubali kushindwa. Botswana, ambako chama cha BDP kilitawala tangu uhuru wa mwaka 1966, Rais Mokgweetsi Masisi alikubali matokeo mwanzoni mwa Novemba 2024 hata kabla ya hesabu kukamilika, chama chake kikiwa kimebakiwa na viti vinne tu vya kuchaguliwa. Zambia nayo imekiondoa chama tawala kwa kura mara tatu: mwaka 1991, mwaka 2011 na mwaka 2021.

Hata hivyo, msomaji makini atakuuliza kuhusu Kenya ya mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008, ambako watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na usipoitaja wewe ataitaja mwenyewe akiwa na uhakika kwamba umeificha. Itaje. Kisha mwonyeshe kwamba mwaka ule rais aliyekuwa madarakani ndiye aliyetangazwa mshindi, katika hesabu ambayo sehemu kubwa ya nchi haikuiamini, juu ya vidonda vya ardhi na ukabila vilivyokuwa havijapona. Kwa hiyo anayependa amani ana sababu ya kudai hesabu iliyo safi, kituo kwa kituo, na dai hilo linapaswa kuwa ndani ya hoja yako wewe unayetaka mabadiliko.

Kuna pia hofu ndogondogo ambazo wahutubu huzipuuza kwa sababu hazina ukubwa wa kuhutubiwa. Mwalimu anajiuliza kama atahamishwa, mkulima anajiuliza kama mbolea ya ruzuku itakuja, na bibi anayepokea fedha za wazee anajiuliza kama jina lake litafutwa. Andika aya nzima kuhusu yale ambayo hayatabadilika. Kwa maoni yangu hii ndiyo aya inayoleta kura nyingi kuliko zote, na ndiyo inayokosekana mara nyingi zaidi.

Pima serikali kwa kipimo ilichojiwekea yenyewe

Tafuta ilani ambayo chama tawala kiliichapisha katika uchaguzi uliopita, uchague ahadi tatu tu ambazo msomaji wako anazigusa kwa mikono yake, kisha useme kila moja imefika wapi. Takwimu uzichukue kwenye hotuba ya bajeti na kwenye ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kwa sababu msomaji anayekipenda chama hawezi kusema kwamba karatasi hizo zimeandikwa na maadui. Kisha uzishushe hadi jikoni. Mfumuko wa bei wa Kenya ulikaribia asilimia 46 mwaka 1993. Nambari hiyo peke yake ni baridi, lakini ukisema kwamba kilichonunuliwa kwa shilingi 100 mwaka mmoja kilihitaji karibu shilingi 146 mwaka uliofuata, huku mshahara wa mtu ukiwa palepale, hakuna atakayehitaji mchumi wa kumfafanulia. Kashfa ya Goldenberg nayo, ambamo serikali ililipa mabilioni kama motisha ya kuuza nje dhahabu na almasi katika nchi isiyokuwa na migodi ya kutoa mali kiasi hicho, ilieleweka na wananchi ilipoelezwa hivyo tu: nchi ililipia dhahabu isiyokuwa nayo.

Toa sifa inapostahili. Watoto wa shule za msingi Kenya walianza kunywa maziwa ya bure mwaka 1979, yale maziwa ya Nyayo, na hadi leo kuna watu wazima wanaokumbuka umbo la pakiti yake. Mpinzani aliyeyakejeli maziwa hayo alikuwa anawakejeli watu utoto wao. Aliyejua kazi yake alisema hivi: serikali hii iliwanywesha watoto maziwa, nasi tunashukuru, lakini serikali hiihii ndiyo iliyoleta mfumo wa kuchangia gharama mwishoni mwa miaka ya 1980, na mtoto aliyefukuzwa kwa kukosa karo hayapati maziwa yanayogawiwa darasani. Msikilizaji hapo anapata ruhusa ya kukiacha chama bila kuyakana maisha yake.

Usitegemee urefu wa muda peke yake

"Wametawala miaka mingi mno" ni malalamiko, na mtu anaweza kukujibu kwamba mpishi mzuri hafukuzwi kwa sababu amepika miaka mingi. Eleza kile ambacho muda mrefu umekifanya. Katika Kenya ya miaka ya 1980 vijana wa KANU waliwadai watu kadi ya chama hata kwenye masoko na vituo vya mabasi, na mwaka 1988 ulipoletwa uchaguzi wa mlolongo, ambapo wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wagombea hadharani, kuna mahali ambapo aliyekuwa na foleni fupi alitangazwa kuwa ndiye aliyeshinda. Mifano ya namna hii inaonyesha chama kilichokwisha kusahau mpaka kati yake na dola. Tafuta mfano wa aina hiyo katika nchi yako, wa karibu na ulio mdogo kadiri iwezekanavyo: gari la serikali linalobeba wafuasi, ofisi ya kijiji inayogeuka kuwa tawi la chama, mtumishi wa umma anayesimama mkutanoni akiwa amevaa fulana yenye picha ya mgombea.

Fanya hesabu ya nani ataingia

Hapa ndipo wapinzani wa Kenya walipopotelea mara mbili. Mwaka 1992, baada ya kifungu cha 2A cha katiba kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kufutwa Desemba 1991, Moi alipata takriban asilimia 36 tu ya kura za urais. Kenneth Matiba alipata kama 26, Kibaki 19 na Jaramogi Oginga Odinga 17, na zaidi ya nusu ya wapiga kura wakalala wakiwa wameikataa KANU na kuamka wakiwa bado chini yake. Mwaka 1997 hali ilijirudia, Moi akashinda kwa takriban asilimia 40. Mwaka 2002 Raila Odinga, ambaye miezi michache kabla alikuwa amekiunganisha chama chake na KANU, alisimama Uhuru Park mwezi Oktoba akatamka maneno mawili, "Kibaki tosha", na muungano wa NARC ukaenda kwenye uchaguzi na mgombea mmoja aliyepata zaidi ya asilimia 60.

Funzo kwa mwandishi wa hoja ni kwamba swali la "basi achukue nani?" halijibiwi kwa "yeyote yule". Lazima useme ni chama gani au muungano gani, na kwa nini kura iliyopigwa kwingine itapotea. Jua kanuni ya nchi yako kabla hujaandika. Kwa urais wa Tanzania anayeongoza kwa kura ndiye mshindi hata asipofikisha nusu, kwa hiyo upinzani uliogawanyika huadhibiwa papo hapo. Kenya ya sasa inadai zaidi ya nusu ya kura pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, jambo linalomlazimu mgombea atafute washirika nje ya kwao.

Muungano utakuletea aibu moja ambayo ni afadhali uikabili mapema. Wengi wa vinara wa NARC walitoka KANU: Kibaki mwenyewe alikuwa makamu wa rais wa Moi kuanzia 1978 hadi 1988, na George Saitoti alikishika cheo hicho baadaye kwa miaka mingi. Jibu la kweli ni kwamba wapiga kura hawakuwa wakiajiri malaika. Walikuwa wakivunja mfumo ambao ulimfanya mtu mmoja ateue mrithi wake na nchi nzima ikae kimya. Kama huwezi kusema jambo la kweli kuhusu watu wa upande wako, msomaji hatakuamini unaposema kuhusu wa upande ule.

Toa ahadi chache zenye tarehe

NARC iliahidi elimu ya msingi bila malipo, ajira 500,000 kila mwaka, na katiba mpya ndani ya siku 100. Ya kwanza ilianza Januari 2003, siku chache tu baada ya kuapishwa kwa Kibaki, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2, shule zikafurika hata madarasa yakahamia chini ya miti. Katiba ilichukua karibu miaka minane na kuzinduliwa Agosti 2010, baada ya muungano wenyewe kusambaratika na rasimu ya serikali kukataliwa katika kura ya maoni ya mwaka 2005. Tofauti ya ahadi hizi ilionekana tangu mwanzo kwa aliyetaka kuiona. Kufuta karo kulikuwa ndani ya uwezo wa serikali yenyewe na kulikuwa na siku ya kuanzia, yaani siku shule zinapofunguliwa. Katiba ilitegemea wanasiasa kukubaliana kugawana madaraka ambayo ndiyo kwanza walikuwa wameyapata. Kabla ya kuiweka ahadi katika hoja yako, jiulize nani atatia saini, fedha zitatoka fungu gani na mzazi ataiona lini. Ukikosa majibu, iache, hata kama mgombea wako anaipenda.

Mjibu anayesema wote ni walewale

Mtu huyu ni mgumu kuliko mwoga, kwa sababu ameshaona mengi, na ukimwahidi serikali safi atacheka. Usimwahidi. Mwambie kwamba hata kama wote ni walewale, yule anayejua kwamba anaweza kuondolewa huiba kwa woga na hujenga kwa haraka. Ghana imekibadilisha chama tawala katika uchaguzi wa mwaka 2000, 2008, 2016 na 2024, na kila anayeingia ikulu ya Accra anajua njia ya kutokea. Malawi ilimwondoa Peter Mutharika mwaka 2020 katika uchaguzi uliorudiwa kwa amri ya mahakama, kisha mwaka 2025 ikamrudisha baada ya kuchoshwa na aliyemfuata. Kwa anayependa vyama hiyo ni hadithi ya kuchanganya, lakini kwa mpiga kura ni ushahidi kwamba kosa lake la leo linaweza kurekebishwa baada ya miaka mitano.

Kabla ya kuitoa hadharani

Ondoa kila tusi, kila jina la utani la kiongozi na kila neno linalomgusa mtu kwa kabila, dini au kwao. Kando ya sheria zinazokataza uchochezi, ukisema "sasa ni zamu yetu ya kula" utakuwa umethibitisha kwa mdomo wako ile hofu ya njaa uliyoanza nayo. Punguza pia sentensi zinazomlaumu mpiga kura kwa chaguo lake la zamani. Huenda lilikuwa chaguo la busara wakati ule.

Kisha mtafute mfuasi mmoja wa chama tawala, awe ndugu, mfanyakazi mwenzako au mzee mnayesali naye, umsomee hoja yote kwa sauti bila kumkatiza wala kukatizwa, na ukimaliza mwombe akueleze kwa maneno yake mwenyewe kwa nini unataka mabadiliko. Akisema unamchukia rais, rudi ukaandike upya kuanzia aya ya kwanza. Akisema, "Unadai shule iliyoahidiwa haikujengwa, na unadhani hawa wengine wataijenga kufikia mwezi fulani, ingawa mimi sikubaliani nawe," hoja yako imekwiva, na unaweza kuitoa.