Namna ya kuchagua petroli ya oktani inayofaa kwa gari lenye turbo

Mtu akiniuliza aweke petroli gani kwenye gari lake lenye turbo, humwomba kwanza afungue kifuniko cha tangi tuangalie pamoja. Hapa Tanga magari mengi ya aina hiyo yametumika Japani kabla ya kufika kwetu, na ndani ya kifuniko hicho mara nyingi pamebandikwa karatasi ndogo ya maandishi ya Kijapani ambayo mwenye gari hajawahi kuulizia maana yake. Maneno 無鉛プレミアム au ハイオク yanamaanisha petroli ya oktani ya juu, na レギュラー ni petroli ya kawaida. Kwa viwango vya Japani, ya kawaida huanzia RON 89 (RON ni kipimo cha oktani) na ya juu huanzia RON 96, kwa hiyo anayepuuza karatasi hiyo huenda anaikosesha injini yake namba saba nzima.

Hakikisha pia kwamba gari linatumia petroli. Hilux na Prado nyingi zenye turbo ni za dizeli, na dizeli haipimwi kwa oktani.

Wengi huamini kwamba oktani ya juu ni petroli yenye nguvu zaidi, na imani hiyo imewagharimu fedha nyingi bure. Oktani ni kipimo cha uvumilivu: huonyesha petroli inaweza kubanwa na kupata joto kiasi gani bila kujiwakia yenyewe kabla ya moto wa plagi kuifikia. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli anajua jinsi pampu inavyopata moto sehemu ya chini, kwa sababu hewa ikibanwa hupata joto. Turbo hufanya kazi hiyohiyo kwa nguvu ya moshi wa injini: huisukuma hewa kwenye silinda ikiwa tayari imebanwa, kisha pistoni huibana tena. Petroli isiyo na uvumilivu wa kutosha hulipuka kwa vipande mahali pasipotakiwa, na hapo ndipo fundi husema injini inagonga. Kugonga kukiendelea, pistoni hupasuka kwenye kingo za ringi na gasketi ya silinda hedi huungua.

Hata hivyo, usichukulie kwamba kila turbo inadai petroli ya juu. Subaru Levorg ya lita 1.6 ina turbo, na kwao Japani hutumia petroli ya kawaida; Subaru Forester nyingi za turbo za miaka ya 2000 huhitaji ya juu. Anayeamua ni mtengenezaji, naye ameandika uamuzi wake kwenye kifuniko na kwenye kitabu cha gari. Ukisoma namba hiyo, angalia pia imeandikwa kwa kipimo gani. Magari ya Ulaya hutaja RON, ambayo Wajerumani huiandika ROZ, na kwa kawaida huwa 95 au 98. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia kipimo kingine kinachotoa namba ndogo zaidi kwa petroli ileile: 91 ya Marekani inakaribia RON 95 au 96, na 87 yao inakaribia RON 91 au 92. Nimeona mtu akiridhika kwamba gari lake "linataka 91 tu", kumbe namba yenyewe ilikuwa ya Marekani.

Ukifika sheli, uliza oktani ya petroli inayouzwa siku hiyo, na mhudumu wa pampu asipojua, mwombe msimamizi. Jaza kwenye kituo chenye wateja wengi ambako mafuta hayakai muda mrefu, na udai risiti. Epuka petroli ya kwenye madumu, kwa kuwa ikichanganywa na mafuta ya taa oktani hushuka sana, na kwa macho huwezi kutambua.

Hilo nalisema kwa uchungu. Niliwahi kuongeza lita kumi za dumu kando ya barabara kabla ya kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, tukiwa watu watano na mizigo, kiyoyozi kimewashwa. Kabla ya kufika Soni nilisikia mlio kama njegere kavu zikitikiswa ndani ya kopo, na kila nilipokanyaga mafuta ulizidi. Nilizima kiyoyozi, nikashusha gia ili injini izunguke kwa wepesi, nikapunguza mguu, na mlio ukaisha. Fanya hivyohivyo ukikwama na petroli pungufu: usikanyage mafuta mpaka mwisho ukiwa kwenye gia kubwa na mzunguko mdogo, kwa sababu hapo ndipo turbo huielemea injini zaidi. Injini za kisasa zina sensa inayosikia kugonga na kuchelewesha moto wa plagi, lakini kinga hiyo hulipiwa kwa nguvu kupungua na ulaji wa mafuta kuongezeka.

Kuhusu chupa za kuongeza oktani, soma maandishi yake kwa makini. Nyingi hutaja "pointi", na pointi kumi ni sawa na namba moja tu ya oktani, kwa hiyo chupa inayoahidi pointi tatu huenda ikaipandisha 93 hadi 93.3. Ikiwa gari limeongezewa nguvu ya turbo na fundi anayepanga upya kompyuta ya injini, namba ya kwenye kifuniko haitoshi tena. Muulize fundi huyo aliipanga kwa oktani ngapi, au umrudishie gari alirejeshe katika mpangilio wa kiwandani.

Ukiwa na shaka kwamba gari limekuwa likigonga, mwambie fundi afungue plagi na kuzitazama kwenye mwanga. Vijidoa vidogo vinavyong'aa juu ya kauri nyeupe ni vumbi la alumini lililotoka kwenye pistoni, na gari la namna hiyo lisiwashwe tena mpaka injini ikaguliwe.