Ukitaka kiti kwenye bodi ya shule, anza na darasa la mwanao

Wazazi wengi Kenya hudhani bodi ya usimamizi wa shule ni ya watu wanaojuana na mwalimu mkuu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeacha mlango ambao wachache huugonga. Kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa chama cha wazazi, na kila darasa lina mwakilishi kwenye kamati yake, anayechaguliwa katika mkutano mkuu wa mwaka. Mwenyekiti wa kamati hiyo na wanachama wawili wasio walimu huingizwa kwenye bodi.

Kwa hiyo kampeni yako inaanzia kwenye darasa moja. Wiki mbili kabla ya mkutano, wapigie wazazi wa darasa lenu simu, mmoja mmoja. Kundi la WhatsApp halitoshi, maana wanaopiga kura ni waliofika, na nyanya wanaolea wajukuu mara nyingi hawamo humo. Waulize kinachowakera: chakula, vyoo, michango isiyo na risiti. Kisha simama na jambo moja, ulieleze kwa dakika mbili.

Tafadhali usiahidi kufuta malipo yote. Ada ya masomo tayari hairuhusiwi katika shule za umma, lakini tozo nyingine zinaweza kuwekwa kwa idhini ya waziri. Ahidi kudai hesabu zisomwe mbele ya wazazi. Hilo unaweza kulitimiza muhula wa kwanza.